Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: kabla ya mfumo wa kutabiri, tengeni saa za mshauri

Kwa: Makamu Wakuu wa Vyuo, Wasajili, Wakuu wa Vitivo na Wakurugenzi wa Tehama

Yah: Matumizi ya data katika ushauri wa kitaaluma

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia ni washauri wa kitaaluma, maofisa wa usajili na wachanganuzi wa data. Tunaandika kwa sababu vyuo vinazidi kuvutiwa na mifumo ya kutabiri ni mwanafunzi yupi ataacha masomo, na tunaona fedha zikielekezwa mahali ambapo kazi ngumu haipo. Kutabiri ni sehemu nyepesi. Kazi ngumu iko katika siku kumi zinazofuata baada ya jina la mwanafunzi kutokea kwenye orodha: nani atampigia simu, atamwambia nini, ana mamlaka gani ya kumtatulia jambo lake, na nani ataandika kilichotokea ili muhula ujao tujue kama ilisaidia. Siku hizo zisipopangwa, mfumo hata uwe wa bei gani utatoa orodha zisizosomwa na mtu.

Tunaomba mpitie hesabu ifuatayo kabla ya kusaini mkataba wowote.

Chukueni chuo chenye wanafunzi 4,000 wa mwaka wa kwanza, na tuseme mmoja kati ya kumi huondoka kabla ya kufika mwaka wa pili. Hao ni 400. Tuseme pia mfumo ni mzuri: unawanasa asilimia 70 ya watakaoondoka, na katika watakaobaki unawataja kimakosa asilimia 15 tu. Yakisemwa hivyo mkutanoni yanapendeza. Sasa hesabuni watu. Asilimia 70 ya 400 ni 280. Asilimia 15 ya 3,600 ni 540. Orodha ina majina 820, na karibu theluthi mbili ya hao wangebaki chuoni hata kama hakuna aliyewagusa. Mazungumzo ya dakika 30 na kila mmoja ni saa 410. Washauri 20 wakitenga saa nne kila mmoja kwa wiki wanapata saa 80, kwa hiyo kazi inakula wiki tano na ushei. Orodha ikitoka wiki ya sita, mwanafunzi wa mwisho anapigiwa simu wiki ya kumi na moja. Muda wa kubadili somo umeshapita, majaribio ya katikati ya muhula yameshasahihishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatusemi utabiri haufai. Tunasema urefu wa orodha uamuliwe na saa za washauri. Saa 80 kwa wiki zinatosha watu 160, basi yachukuliwe majina 160 ya juu, wafikiwe wote ndani ya wiki moja, kisha orodha ipangwe upya kwa data mpya kabla ya kuwageukia wengine. Mshauri anayepewa majina 40 kwa siku moja ataanza na anaowafahamu, na wale wasiojulikana na mtu yeyote, ambao kwa kawaida ndio wenye shida kubwa zaidi, watabaki chini.

Mfano unaotajwa sana katika mazungumzo haya ni Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichoko Atlanta, Marekani, na kwa haki kabisa. Kilichambua matokeo zaidi ya milioni 2.5 ya masomo ya miaka kumi, kikapata viashiria takriban 800 vya mwanafunzi kupotea njia, na kuanzia 2012 kikawa kinavikagua kila siku kwa kila mwanafunzi. Lakini chuo hicho hicho kiliajiri pia washauri wapya 42, kikashusha mzigo hadi wanafunzi 300 hivi kwa mshauri mmoja, na tangu 2011 kilikuwa kimeanza kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi waliokuwa wanaondolewa masomoni kwa deni dogo la ada. Baadaye vyuo 11 vya Marekani vilifanya jaribio lenye wanafunzi zaidi ya 10,000, waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata ushauri wa karibu unaoongozwa na data, wengine ushauri wa kawaida. Kwa wastani wa vyuo vyote 11, tofauti ya kuendelea na masomo haikuonekana waziwazi. Georgia State peke yake matokeo yalikuwa mazuri. Teknolojia ya aina moja, wazo lile lile, matokeo mbalimbali. Kwa maoni yetu kilichotofautiana ni watu na taratibu zilizokuwa nyuma ya skrini.

Data mnayo tayari, ila haijasafishwa

Vyuo vingi vina kila kinachohitajika kuanzia kazi: usajili wa masomo, matokeo, mtaala na masomo yake ya sharti, hali ya ada, na kumbukumbu za mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Kinachokosekana ni jedwali moja la kuaminika ambalo kila safu yake ni mwanafunzi mmoja katika somo moja katika muhula mmoja. Kulitengeneza kunahitaji mtu mmoja mwenye ujuzi wa kanzidata na ofisa mmoja wa usajili anayejua historia ya chuo, wakikaa pamoja. Huyu wa pili ndiye muhimu zaidi, kwa kuwa makosa yaliyomo humo hayaonekani na mtu wa kompyuta peke yake. Tutaje yanayoharibu kazi mara nyingi.

La kwanza ni namba za masomo. Mtaala ukipitiwa upya, somo lile lile hupewa namba mpya, na historia yake inakatika. Mchanganuzi anaona somo jipya lisilo na kumbukumbu, pamoja na somo la zamani ambalo wanafunzi wote "wameliacha". Dawa yake ni jedwali dogo la ulinganifu, namba ya zamani, namba mpya na tarehe ya kuanza, linaloandikwa kwa mkono na mtu anayejua.

La pili ni sifuri. Katika mifumo mingi, mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata sifuri, yule ambaye hakuufanya, na yule ambaye mwalimu hajaingiza alama zake, wote watatu wanaonekana sawa. Ni watu watatu wenye mahitaji tofauti kabisa. Wekeni misimbo mitatu.

La tatu ni kiwango cha kufeli. Mwanafunzi anapoliacha somo, mifumo mingine hufuta safu yake moja kwa moja. Matokeo yake, somo ambalo robo ya wanafunzi huliacha katikati ya muhula linaonekana kuwa na ufaulu wa juu, kwa sababu mnagawia idadi ya waliobaki tu. Pigeni picha ya usajili wiki ya tatu, yaani nakala yake kama ulivyo siku hiyo, na kuihifadhi bila kuigusa tena. Kisha kwa kila somo jumlisheni waliofeli, walioliacha na ambao hawakufanya mtihani, mgawanye kwa idadi ya wiki ya tatu. Namba hiyo moja, ikipangwa kuanzia kubwa hadi ndogo kwa masomo yote yenye wanafunzi zaidi ya 50, itawaonyesha mengi kuliko dashibodi yoyote ya rangi. Tumesema 50 kwa sababu somo la watu 12 likipoteza watatu linaruka hadi asilimia 25, na muhula unaofuata linarudi sifuri. Hapo ni bahati inayozungumza.

La nne ni walioahirisha masomo. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa barua halali, kwa ugonjwa au uzazi, asihesabiwe kuwa ameacha chuo. Wala asisahaulike, maana tarehe yake ya kurudi inapokaribia ndipo anapohitaji simu.

La tano ni jedwali la nani anamshauri nani. Likaguliwe mwanzoni mwa kila muhula. Mhadhiri aliyekwenda masomoni miaka miwili bado anaonekana ana wanafunzi 60, na tahadhari zote zinazowahusu zinaingia kwenye kisanduku cha barua ambacho hakifunguliwi. Tunaliweka mwisho ingawa ndilo linalovunja kazi yote kimyakimya: mfumo unaripoti kwamba tahadhari imetumwa, na ni kweli imetumwa.

Tahadhari tano za kuanzia, bila modeli yoyote

Kwa muhula wa kwanza hamhitaji akili bandia. Mnahitaji kanuni chache ambazo mshauri anaweza kumweleza mwanafunzi kwa sentensi moja. Tunapendekeza hizi.

Kanuni ya usajili: dirisha la usajili limefunguliwa siku kumi, na mwanafunzi mwenye sifa hajajisajili somo hata moja. Hii ndiyo kanuni yenye faida kubwa kuliko zote, kwani kutojisajili ni tendo la wazi la leo, wakati uwezekano wa kufeli ni makisio. Mara nyingi sababu ni ndogo na inatatulika: deni, saini ya idara iliyokosekana, au hajui achague lipi kati ya masomo mawili.

Kanuni ya somo lisilofaa: amejisajili somo ambalo halihesabiki katika programu yake, au ambalo hajafaulu somo lake la sharti. Ikaguliwe kila usiku katika wiki mbili za kwanza, wakati kubadilisha bado kunawezekana. Anayegundua mwaka wa mwisho kwamba krediti zake haziingii kwenye shahada anaongezewa muhula mzima kwa kosa ambalo kompyuta ingeliona usiku wa kwanza.

Kanuni ya kazi ya kwanza: hajawasilisha zoezi la kwanza lenye alama, au hajaingia kwenye mfumo wa kujifunzia kwa siku 14 mfululizo. Angalizo: baadhi ya wahadhiri hawautumii mfumo huo kabisa, na wanafunzi wengi hupakua notsi mara moja kisha wakasomea nje ya mtandao, au wanatumia simu ya mwenzao. Kwa hiyo mlinganisheni mwanafunzi na wenzake wa somo lile lile, kamwe msimlinganishe na wastani wa chuo. Na somo ambalo nusu ya darasa haijaingia mfumoni liondolewe katika kanuni hii moja kwa moja.

Kanuni ya krediti: mwisho wa muhula, amekamilisha chini ya asilimia 80 ya krediti zilizotarajiwa hadi hapo. Wastani wa alama hausemi hili. Kuna mwanafunzi mwenye wastani mzuri anayesoma masomo mawili mawili, na hatahitimu kwa wakati.

Kanuni ya tano ni ya alama ya kupita kwa shida katika somo la msingi wa fani, na tunaomba tukae nayo kidogo. Mazoea ya vyuo ni kumshughulikia aliyefeli. Aliyepata C amefaulu, jina lake halitokei popote. Uchambuzi wa Georgia State ulionyesha kwamba kwa wanafunzi wa sayansi ya siasa, waliopata C katika somo la kwanza la fani walihitimu kwa kiwango cha chini sana kuliko waliopata A au B. Na kwa wauguzi, alama ya somo la mwanzo la hisabati ilibeba habari nyingi kuhusu nani atahitimu. Sasa msichukue masomo hayo mkayapachika kwenu. Fanyeni hesabu yenu: kwa kila programu, chukueni waliojiunga miaka mitano hadi saba iliyopita, wapangeni kwa alama ya kila somo la mwaka wa kwanza, na mhesabu asilimia ya waliohitimu katika kila alama. Ni jedwali la safu chache linalotoka kwenye lahajedwali ya kawaida. Panapotokea mteremko mkali kati ya B na C, hapo ndipo mshauri azungumze na mwanafunzi mapema, akiwa bado ana muda wa kujiimarisha au kubadili njia bila kupoteza mwaka.

Kila kanuni iwe na mwenye nayo, muda wa kuitikia na tendo. Tahadhari ya usajili iitikiwe ndani ya saa 48, ya kazi ya kwanza ndani ya siku tatu za kazi. Isiyoitikiwa kwa muda huo ipande kwa mkuu wa idara. Na isiyo na tendo la kufanya iondolewe kabisa, hata kama inatabiri vizuri. Kujua kwamba wanaotoka mbali huacha chuo zaidi hakumpi mshauri jambo la kufanya Jumatatu asubuhi.

Data iwakague na ninyi pia

Hapa ndipo tunapoona thamani kubwa ya data, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Mazungumzo ya ushauri yakirekodiwa vizuri, yanaanza kukieleza chuo juu ya chuo chenyewe.

Fomu ya mshauri iwe na sehemu nne tu: tarehe, sababu, hatua, tarehe ya kufuatilia. Sababu ichaguliwe kutoka orodha fupi: ada au fedha, ugonjwa, familia, kazi, ugumu wa somo, mgongano wa ratiba, programu isiyomfaa, tatizo la usajili, nyingine. Maelezo marefu ya faragha yasiandikwe humo. Fomu ikizidi dakika mbili haitajazwa, na isipojazwa hamtajua chochote.

Baada ya muhula mmoja, hesabuni sababu kwa kila somo na kila programu. Wanafunzi 40 wa mwaka wa pili wakitaja mgongano wa ratiba, msiwaite 40 kuwashauri. Mara nyingi mtakuta kwamba somo la mwaka wa kwanza wanalolirudia limepangwa wakati ule ule na somo la lazima la mwaka wa pili. Mtu wa ratiba analitatua kwa mchana mmoja. Bila hesabu hiyo, wanafunzi wale 40 wangehudhuria darasa moja, wakose jingine, wafeli, na mwisho wake ni kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Mtaala nao unapimika. Mtafiti Gregory Heileman na wenzake wameeleza vipimo viwili rahisi ambavyo idara inaweza kuvikokotoa kwa karatasi. Chora masomo kama vituo, na mishale ikitoka kwenye somo la sharti kwenda kwenye somo linalolitegemea. Kwanza, hesabu masomo mangapi yanafungika mwanafunzi akikwama kwenye kituo hicho. Pili, hesabu urefu wa mnyororo mrefu zaidi unaopita hapo. Mathalani Hisabati I inafungua Hisabati II, inayofungua Takwimu, inayofungua Ekonometria, inayofungua mradi wa mwisho. Hisabati I inafunga masomo manne na iko kwenye mnyororo wa vituo vitano. Kama shahada ina mihula sita, nafasi ya kukosea ni muhula mmoja tu. Na kama Hisabati I inafundishwa mara moja kwa mwaka, nafasi hiyo haipo kabisa: aliyefeli Hisabati I muhula wa kwanza hawezi kuhitimu kwa wakati, hata afanye nini. Hakuna ushauri unaoweza kumsaidia. Kinachomsaidia ni somo hilo kufundishwa tena muhula wa pili, au mtihani wa marudio kufanyika kabla ya Hisabati II kuanza, au idara kujiuliza kwa uaminifu kama kila mshale pale unastahili kuwepo.

Mkishataka modeli

Baada ya mihula miwili ya kanuni hizi, mtakuwa na data safi ya kutosha kujaribu modeli ya kukadiria uwezekano. Anzeni na ile inayosomeka, yenye vigezo 10 hadi 15, na muuzaji akisema yake haiwezi kuelezwa, tafuteni mwingine. Kuna makosa matatu tunayotaka myakwepe.

Kosa la kwanza ni kuvuja kwa majibu. Modeli inayopimwa kwa data ya sasa ya mfumo inaona mambo ambayo mshauri asingeyajua wiki ya nne. Safuwima ya "hali ya mwanafunzi" hubadilishwa baada ya mtu kuondoka. Salio la ada la mwisho wa mwaka linaakisi kuondoka kwake. Modeli inapata alama za juu mno, halafu ikiwekwa kazini inaanguka. Ijengeni kwa picha ya data kama ilivyokuwa wiki ya nne ya kila muhula uliopita. Kama hamkuihifadhi, anzeni kuihifadhi sasa. Na mjaribu kwa wakati: ifunzeni kwa waliojiunga miaka ya nyuma, muipime kwa waliojiunga mwaka wa mwisho ambao haikuwaona. Kuchanganya miaka kwa nasibu kunaipa modeli msaada ambao maishani haitaupata.

Kosa la pili ni kupima mafanikio vibaya. Chuo Kikuu cha Purdue kilianza mwaka 2007 mfumo wa kuwaonyesha wanafunzi taa za rangi kuhusu mwenendo wao katika somo, ukasifiwa kwamba waliosoma masomo mawili au zaidi yenye mfumo huo walibaki chuoni kwa wingi zaidi. Mwaka 2013 Michael Caulfield alihoji takwimu hizo, na Alfred Essa akaonyesha kwa uigaji wa kompyuta kwamba ungepata picha ya namna hiyo hata kama ungewapa wanafunzi chokoleti: anayekaa chuoni muda mrefu anakutana na masomo mengi zaidi, kwa hiyo kubaki kwake ndiko kunakoleta idadi ya masomo. Njia ya kukwepa mtego huu ipo na haina gharama. Kwa vile washauri hawatoshi, hamwezi kumfikia kila mtu wiki ya kwanza. Basi kati ya wenye hatari inayofanana, mpangilio wa nani aanze uamuliwe kwa bahati nasibu. Waliofikiwa wiki ya nne walinganishwe na waliofikiwa wiki ya saba, kwa krediti walizokamilisha na kwa kurudi kwao muhula unaofuata. Hakuna anayenyimwa huduma, na mnapata jibu la kweli.

Kosa la tatu ni upendeleo. Mwaka 2021 chombo cha habari cha The Markup kiliripoti kwamba vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vilitumia modeli zilizoingiza rangi ya mwanafunzi kama kigezo, na wanafunzi weusi wakawa wanatajwa kuwa wenye hatari kubwa kwa viwango vilivyowazidi mbali wenzao weupe. Madhara yake ni haya: mshauri anayeona "hatari kubwa" anaweza kumwelekeza mwanafunzi kwenye programu "rahisi", wakati hakuna alichokosea. Jinsia, kabila, dini, ulemavu na mahali mtu alipotoka visiingizwe kwenye modeli. Lakini vihifadhiwe kando kwa ajili ya ukaguzi, kwa kuwa kigezo kingine, kama shule aliyotoka, kinaweza kuvibeba kimyakimya. Kila muhula linganisheni kati ya makundi: wangapi wametajwa, na kati ya waliotajwa wangapi kweli walipata shida. Kundi lenye watu chini ya kumi lisichapishwe kwenye ripoti, maana watatambulika.

Nani aone, na kwa ajili ya nini

Mwaka 2015 mkuu wa chuo kimoja cha Marekani alitaka majibu ya dodoso la wanafunzi wapya yatumike kuwatambua wenye dalili za kushindwa, ili 20 hadi 25 kati yao washawishiwe kuondoka kabla ya tarehe ya kuhesabu wanafunzi, na takwimu za chuo zipendeze. Data ya kusaidia na data ya kuwaondoa watu ni ile ile. Tofauti iko kwenye kanuni mlizoziandika kabla. Ziandikeni. Open University ya Uingereza ilitoa sera yake ya matumizi ya kimaadili ya data za wanafunzi mwaka 2014, na inafaa kusomwa na kamati zenu.

Sera yenu iseme angalau haya: mshauri anaona wanafunzi wake tu; kila kufungua faili kunaandikwa; mwanafunzi anaweza kuona kilichoandikwa juu yake na kusahihisha; tahadhari hazitumiki katika nidhamu, udahili, ufadhili wala mapendekezo ya kazi; na zinafutwa baada ya muda uliotajwa, kwa mfano mwaka mmoja baada ya kuhitimu au kuondoka. Mhadhiri wa somo asione kiwango cha hatari cha mwanafunzi anayemsahihishia.

Na maneno ya ujumbe yachungwe. "Mfumo umekutambua kuwa uko katika hatari ya kufeli" ni sentensi inayomkimbiza mtu, hasa aliyekuwa anajishuku tangu mwanzo kama alistahili kuwa chuoni. Ujumbe utaje jambo lenyewe na muda: "Habari. Naona zoezi la kwanza la Takwimu halijaingia, na mwisho wa kulipokea ni Ijumaa. Niko ofisini Jumanne saa nne hadi saa sita. Unaweza kupita, au nikupigie?" Asipojibu kwa siku mbili, simu. Asipopokea simu mbili, mwakilishi wa darasa amwombe tu awasiliane na mshauri, bila kuambiwa sababu. Kiwango cha hatari kwa asilimia asionyeshwe mwanafunzi hata siku moja. Makisio ya kundi hayamwambii mtu mmoja habari zake, na asilimia 30 huweza kusomwa kama hukumu.

Tunachowaomba

Sitisheni ununuzi wa mifumo ya kutabiri hadi jedwali safi na tahadhari tano ziwe zimefanya kazi mihula miwili. Mteueni mtu mmoja ndani ya ofisi ya msajili awajibike kwa ubora wa data za wanafunzi, akiwa na mamlaka ya kumrudishia mkuu wa idara matokeo yaliyokosewa. Tarehe ya mwisho ya kuingiza alama iwe kabla usajili wa muhula unaofuata haujafunguliwa, na iheshimiwe na kila mtu, maprofesa wakiwemo. Alama zikija wiki ya tano, kanuni ya krediti na kanuni ya C zinakuwa hazina kazi.

Saa za ushauri ziingizwe kwenye mzigo rasmi wa kazi wa mhadhiri na zihesabiwe katika kupandishwa cheo. Leo mhadhiri anayekaa na wanafunzi 30 muhula mzima na yule asiyekaa na hata mmoja wanajaza fomu zinazofanana. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Tengeni pia mfuko mdogo wa madeni, na mshauri awe na njia ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku tano, maana atakutana na wanafunzi ambao kizuizi chao pekee ni salio dogo, na kumwambia mtu huyo "jitahidi" ni kumkosea heshima.

Mwisho, kila muhula mchapishe ukurasa mmoja kwa wanafunzi na wafanyakazi: tahadhari ngapi zilitolewa, ngapi ziliitikiwa kwa wakati, sababu tano zilizoongoza, na ni jambo gani la chuo, ratiba, somo au utaratibu, lilibadilishwa kwa sababu ya data hizo. Ukurasa wa kwanza tunaomba utoke wiki mbili baada ya muhula ujao kufungwa, na tuko tayari kusaidia kuuandaa.

Kwa heshima,

Washauri wa kitaaluma, maofisa wa usajili na wachanganuzi wa data